Gari likifeli kipimo cha moshi, tibu injini, usinunue cheti

Homa si ugonjwa, ni dalili. Anayemeza Panadol kila jioni bila kupima damu huishusha homa na kuiacha malaria ikiendelea. Ndivyo wafanyavyo baadhi ya wenye magari ya zamani, gari linapofeli kipimo cha moshi. Badala ya kuuliza lina maradhi gani, humtafuta mtu wa kuwauzia cheti, au huazima kifaa cha gari jingine kwa siku moja tu, lipimwe.

Suala hili linatuhusu. Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki yamekwishatumika kwingine, na upimaji wa moshi unaingia katika ukanda wetu. Rwanda iliuanza mwaka 2025. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Gesi ya kaboni monoksaidi nayo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtoto hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima, na akisimama kando ya barabara pua yake iko karibu zaidi na bomba la ekzosi.

Basi tufanye nini? Kwanza, soma karatasi ya majibu. Kwa gari la petroli, kaboni monoksaidi ikizidi, maana yake mafuta yamezidi kiasi kinachofaa kwa hewa iliyopo. Angalia ea klina, nozeli na sensa ya oksijeni. Haidrokaboni ikizidi, mafuta yanatoka bila kuungua. Mara nyingi injini ina misi. Angalia plagi, waya zake na koili.

Kwa dizeli, rangi ya moshi husema mengi. Mweusi ni ea klina chafu, nozeli zilizochoka au pampu iliyosetiwa vibaya. Wa bluu ni injini inayokula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za valvu. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, hutilia shaka gasketi ya silinda hedi.

Pili, anza na vya bei ndogo: oili, ea klina na plagi. Usikimbilie kubadilisha kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, ambacho mafundi hukiita masega, kabla ya kutibu chanzo. Injini inayomwaga mafuta mabichi au oili itayaua masega mapya kama ilivyoyaua ya zamani.

Tatu, ziba matundu ya ekzosi. Tundu huvuruga kipimo na laweza kuingiza gesi mnamokaa abiria. Kisha lipeleke gari likiwa limekwishapata moto, kwani masega yakiwa baridi hayafanyi kazi.

Atasema mtu: fedha iko wapi? Ni swali la haki, maana kufungua injini ili kubadili ringi ni gharama kubwa. Lakini ea klina na plagi haziwashindi wengi wetu, na fedha ya kumhonga mpimaji ingeweza kuzinunua. Tena hongo ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji. Ikiwa gari ni la kuchukua watoto wa madrasa, kamati na wazazi wachange. Na kama bado haujapatikana uwezo, lisibebe watoto mpaka litengenezwe.

Kina mama nao wazingatie hili. Watoto wakiumwa kichwa, wakipata kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya gari, kisha wakapata nafuu wakishuka, msiharakie kusema ni malaria. Washusheni wapate hewa safi, wapelekeni hospitali, na gari hilo lisitumike hadi fundi alikague.

Cheti cha kununua kitamridhisha askari barabarani, lakini mapafu ya jirani yako hayasomi cheti. Jirani ana haki juu yako. Wiki hii mwambie fundi wako afungue ea klina, muitazame pamoja.