Mwalimu, Mimi Sina Kipaji

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari wilayani Buhigwe, kwetu Kigoma. Siku ya mada ya ushairi, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza shairi linatoka wapi. Kipindi kilikuwa kinaisha, nikajibu harakaharaka: "Shairi ni kipaji. Mungu humpa amtakaye." Akafunga daftari. "Basi Mwalimu, mimi sijapewa." Wenzake wakacheka, na wengine wakafunga ya kwao.

Kumbe hoja niliyoitoa ni kongwe. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Ion, Socrates anamwambia Ion, mghani hodari wa tungo za Homer, kwamba hana ufundi wowote. Mungu ni kama sumaku: anavuta pete ya kwanza, yaani mshairi; pete hiyo inavuta ya pili, yaani mghani; naye anawavuta wasikilizaji. Na Socrates ana ushahidi: Ion akisikia habari za Homer anachangamka, akisikia za mshairi mwingine anasinzia. Angekuwa na ufundi wa ushairi, angeweza kuwaeleza wote.

Lakini hapa kwetu Kigoma kuna jibu jingine. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, alitoa mwaka 1954 kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sheria kwanza, diwani baadaye. Mtu anayeamini kwamba ushairi hushuka tu kutoka juu hahangaiki kuwaandikia wengine namna ya kutunga.

Najua mtasema vina na mizani havitoshi. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimetunga beti zenye mizani 16 kila mshororo, vina vimenyooka, na hakuna aliyeomba nirudie. Euphrase Kezilahabi naye, katika Kichomi cha mwaka 1974, aliviacha vina na mizani, na bado tunabishana juu yake. Lakini kuacha kanuni si kuacha kazi: bado alilazimika kuchagua neno na kuamua mstari uishie wapi. Kwa upande mwingine, Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani Kenya, kati ya 1969 na 1972, na alishika vina na mizani. Uchungu haukumpunguzia kazi ya ufundi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Iwapo Mungu atakuja au hatakuja, hilo haliwezi kuandikwa kwenye andalio la somo. Kazi ya mwalimu ni ile sehemu inayofundishika. Hata katika mfano wa Plato, sumaku inavuta pete za chuma, haivuti kuni. Lazima kuna mtu aliyekaa akafua ile pete. Mwalimu anayesema "ni kipaji" amekwepa kufua, kisha anamlaumu mtoto kwa kutovutwa.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikaomba radhi. Tukaanza kwa kuhesabu silabi za majina ya kwao: Ma-nyo-vu, Mu-na-ni-la. Kisha kila mmoja akaandika mshororo mmoja kuhusu kazi ya nyumbani. Yule yule aliyefunga daftari akaandika juu ya mama yake akirudi kutoka shamba la kahawa kwenye ukungu. Mizani zilikuwa 15. Kengele ya mapumziko ikalia, wenzake wakatoka, yeye akabaki anatafuta silabi moja.

Wenzangu mnaokwenda mazoezini mwaka huu, mtaulizwa swali lile lile. Msijibu harakaharaka kama mimi. Mwambieni achukue kalamu, mkae naye, mhesabu.