Nani Alipie Bando la Mhadhara?

Kuna usemi uliokwisha kuota mizizi katika vikao vyetu vya wanataaluma, nao ni kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania hawapendi kujifunza kwa njia ya mtandao. Ulizaliwa mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, na hadi leo hutamkwa kwa sauti ya daktari anayesoma majibu ya maabara: vijana ni wavivu, wamezoea kusukumwa, simu zao ni za umbea na mpira. Nimeusikia kwa maprofesa, nimeusikia kwa maofisa wa serikali, na majuzi nimeusikia kwa mwenzangu wa rika langu, aliyesomeshwa kwa michango ya kijiji kama nilivyosomeshwa mimi. Naandika kuupinga.

Tuanze na kumbukumbu, maana sisi ni hodari wa kusahau. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, na tarehe 18 vyuo vikafuata. Vilifunguliwa tarehe 1 Juni, pamoja na kidato cha sita, baada ya tangazo la Rais Magufuli. Ni siku 75. Katika siku hizo, shule angalau ziliandaliwa vipindi vya redio na televisheni. Vyuo vikuu, ambavyo ndivyo vyenye wataalamu wa kompyuta na mifumo ya kufundishia mtandaoni, kwa sehemu kubwa vilinyamaza. Mwanafunzi alipata alichopata kwa hisani ya mhadhiri wake: faili katika kundi la WhatsApp, sauti iliyorekodiwa kwa simu, au kiungo cha Zoom cha dakika 40, maana huo ndio ukomo wa kikao cha bure. Kisha tukarudi, ratiba zikabanwa, mitihani ikafanywa, na tukaandika hukumu kwamba vijana hawapendi mtandao.

Hukumu hiyo tuipeleke Iguguno, tuone kama inasimama. Iguguno ipo wilayani Mkalama, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Malori ya kwenda Mwanza na Rwanda hupita hapo usiku na mchana, na mtu anayepita kwa basi huona minara na kudhani kwamba mawasiliano yamekwisha kutuenea. Mtandao wetu hufuata lami. Ukiiacha lami na kuingia ndani, mwendo wa baiskeli tu, simujanja hugeuka kuwa tochi. Mwanafunzi aliyefunga mizigo yake Machi ile akarudi kwao huko ndani, alirudi katika msimu wa kuamia ndege kwenye mtama, na kabla chuo hakijafunguliwa alizeti ikawa tayari kuvunwa. Nyumbani kwake hapakuwa na meza. Simu ilichajiwa kwa jirani mwenye sola, kwa zamu.

Nimezungumza na wengi wa vijana hao tangu wakati ule, baadhi wakiwa wanafunzi wangu, na jambo walilolirudia kuliko bando, kuliko umeme hata, ni aibu. Katika nyumba ya mkulima, kijana aliyeinama kwenye simu saa nne asubuhi anacheza. Hakuna lugha ya kumweleza baba aliyeshika jembe kwamba hapa nipo darasani. Mabinti walikuwa na hali mbaya zaidi: kwa mama, binti aliyepo nyumbani yupo nyumbani, na maji hayatajichota. Mmoja alinieleza kwamba alisikiliza mihadhara yangu usiku, chini ya shuka, akiwa amepunguza sauti asiwaamshe wadogo zake, kwa sababu usiku ndio saa pekee ambayo hakuna aliyemdai kazi. Huyu ndiye tunayemwita mvivu.

Tena kuna kitu ambacho sisi wahadhiri hatupendi kukisema hadharani. Mihadhara yetu tunaitoa kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya wanafunzi wetu hawaielewi ndani ya ukumbi. Wanaielewa baadaye, kwenye vimbweta, pale kwenye meza za zege chini ya miti, ambapo mwenzao aliyeshika hoja huwafungulia kwa Kiswahili, wakabishana, wakachekana, wakaelewa. Kimbweta ndicho chuo kikuu cha pili, na kwa wengi ndicho cha kwanza. Tulipohamia kwenye faili na sauti zilizorekodiwa tulihamisha ukumbi, tukaacha kimbweta. Mwanafunzi alibaki peke yake na Kiingereza changu, bila wa kumuuliza. Kama alisema hajisikii kusoma kwa namna hiyo, alikuwa anafanya uchambuzi wa elimu yetu ulio makini kuliko taarifa nyingi za tathmini nilizowahi kusaini.

Wapo walioupenda mtandao, na ushahidi wao una uzito. Mwenye ajira alifurahi kusikiliza mhadhara baada ya kazi. Mwenye haya, ambaye hajawahi kunyanyua mkono mbele ya watu mia tatu, aliuliza kwa kuandika. Wengi walipenda kuirudia sauti mara tatu hadi neno gumu likaeleweka. Hao walikuwa na chumba, umeme na fedha ya vifurushi. Kijana yuleyule, akiwa Dodoma mjini kwa shangazi yake, angeusifu. Akiwa kwao Mkalama angeulaani. Basi tunapouliza kama wanafunzi wanaupenda mtandao, tunapima nyumba walizotoka, kisha tunayaandika majibu kana kwamba tumepima tabia zao.

Na nani alilipa? Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo wakati ule ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa chakula na malazi. Lipo fungu la vitabu na viandikwa. Fungu lenye jina la bando halikuwapo, ilhali kikao kimoja cha video hula mamia ya megabaiti. Kwa maneno mengine, chuo kilihamishia gharama ya ukumbi wake, taa zake na viti vyake kwa muuza alizeti, bila hata kumwandikia barua. Asiniambie mtu kwamba bei za mitandao ni mambo ya soko ambayo serikali haiyagusi. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, wananchi walipiga kelele na bei hizo zikasitishwa mara moja. Mkono upo, hunyooshwa panapo kelele.

Majirani zetu nao hawakuwa peponi. Kenya ilisifiwa mwaka 2020 kwa maputo ya Loon, ya kampuni mama ya Google, yaliyorushwa angani kusambaza intaneti vijijini. Januari 2021 kampuni ikatangaza kuufunga mradi huo kwa kuwa haukuwa na faida. (Elimu inayoning'inia kwenye puto la mtu mwingine!) Lakini Afrika Kusini vyuo vilibanwa hadi vikawapatia wanafunzi data ya kila mwezi, sehemu kubwa ikiwa ya kutumia usiku. Haikutosha, na vijana wao walilalamika. Hata hivyo, kanuni ilikubaliwa: anayehamisha darasa ndiye anayelipia njia ya kulifikia.

Sisi kanuni hiyo tuliijua kabla ya intaneti. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili walijifunza kuhusu magonjwa na usafi kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusomea vilivyokuwa na viongozi waliopewa mafunzo. Ilikuwa nchi maskini kuliko ya leo. Waandaaji walianza na kile mwanakijiji alichokuwa nacho: redio ya jirani, mti wa kukaa chini yake, na watu wa kuzungumza nao. Kikundi kile kilikuwa kimbweta. Miaka ishirini baadaye tukaanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo mikoani, Singida ikiwamo. Ujuzi wa kumfundisha mtu aliye mbali tunao ndani ya nchi. Mwaka 2020 hatukuutafuta.

Wala hatujautafuta bado. Nilipoomba kuoneshwa waraka unaoeleza siku ya kwanza ya kufungwa itakuwaje katika chuo fulani ninachokifahamu vizuri, yaani nani atatuma nini, kwa njia ipi na kwa gharama ya nani, nilipewa mwongozo wa kunawa mikono. Na maradhi hayasubiri waraka. Homa ya Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikatangazwa tena huko Januari 2025. Safari zote mbili ilidhibitiwa, tunashukuru. Wakati huohuo upo mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu. Majengo yanapanda, nami sina ugomvi na majengo. Nina ugomvi na mpango wa kidijitali unaoishia kwenye geti la chuo.

Watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, na hasa mlio karibu na meza za bajeti, ombi langu kwenu ni dogo kuliko jengo moja la ghorofa. Mifumo ya masomo ya vyuo vyote ifunguke kwenye simu bila kukata bando. Kila wilaya itengewe shule ya sekondari yenye umeme ambamo wanafunzi wa vyuo waliorudi nyumbani watakutana, kwa nafasi na kwa barakoa ikibidi, wakiwa na vijitabu vilivyochapwa na mwenzao wa mwaka wa juu wa kuwaongoza. Fungu la bando liandikwe kwa jina lake katika mkopo. Na Seneti za vyuo ziamue leo, wakati hakuna hofu, kwamba mada iliyofundishwa mtandaoni pekee haitatahiniwa hadi mwanafunzi wa mwisho aipate, hata kama huyo wa mwisho yupo Mkalama akivuna alizeti ya baba yake.