Mswaki wa umeme unatufundisha nini?



Wengi mnaniuliza: mswaki wa umeme unashinda wa mkono? Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2014 shirika la Cochrane lilikusanya tafiti nyingi, likaona kwamba baada ya miezi mitatu unapunguza uchafu unaoganda menoni kwa asilimia 21 kuliko wa mkono. Lakini unataka umeme, na nyumba nyingi za Fizi na Baraka hazina.

Basi tuangalie waliouunda waliweka nini: kichwa kidogo, manyoya laini, saa ya dakika mbili, na mwingine hukuonya ukikandamiza sana. Hayo mkono wako unayaweza. Mpini wake ni mnene. Mwenye vidole vilivyoumia kazini azungushie mswaki wake kipande cha mpira wa baiskeli, utashikika vizuri.

Maoni yangu: kampuni itoe mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi pamoja na sabuni. Jino likitunga usaha, ugonjwa unaweza kuingia damuni na kuua baba wa watoto. Dakika mbili, asubuhi na usiku. Usingoje shavu livimbe!