Stara Iliyomo Ndani ya Diski: Draivu Gani ya Kuchomea Inafaa Nyumbani?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika makabati ya nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Lamu hadi Vanga, mna diski zilizofungwa kitambaani au kutiwa ndani ya kopo la biskuti. Humo mna harusi za miaka 15 na 20 iliyopita, maulidi, sherehe za watoto wa madrasa, na sauti za wazee ambao leo wako mbele ya haki. Mashine ya DVD iliyokuwa ikizicheza imekufa siku nyingi, na vipakatalishi, yaani laptopu, vinavyouzwa leo vingi havina mlango wa kutilia diski. Apple iliuacha mlango huo katika MacBook Air yake ya mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata taratibu. Basi kina mama wa darsa wametuuliza: tununue draivu gani ya nje, ya kusomea na kuchomea diski, ambayo haitatuacha njiani?

Swali hili hatulioni kuwa la anasa, na sababu yetu ni hii. Wengi wanapotaka nakala huipeleka diski dukani, wakidhani kwamba huingia upande huu na nakala ikatoka upande wa pili. Sivyo. Duka lenye draivu moja halina budi kuyahamisha kwanza yote yaliyomo yakae ndani ya kompyuta ya duka, kisha ndipo yachomwe kwenye diski mpya. Wewe ukishaondoka na nakala yako, picha zimebaki mle mpaka mwenye duka azifute. Na hata akizifuta, mara nyingi kompyuta huondoa jina la faili tu. Yaliyomo hukaa hadi yafunikwe na mengine, na ajuaye kazi hiyo huweza kuyarudisha.

Sasa ifikirini diski ya usiku wa kupamba. Waalikwa walikuwa wanawake peke yao, aliyeshika kamera alikuwa mwanamke, na mlango ulifungwa. Stara yote ile inakuja kufunuliwa miaka 15 baadaye kwa ajili ya shilingi chache za kunakili. Wala si stara ya bibi harusi pekee. Ni ya kila mgeni aliyevua buibui lake kwa kuuamini mlango ule. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa inatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe, na kwa maoni yetu picha ya mgeni ni amana mikononi mwa mwenye harusi. Hatusemi vijana wa maduka ni wabaya. Wengi wao ni watoto wetu, waliosoma madrasa zetu. Twasema tu kwamba mzigo huu si wa kuwatwika wao.

(Neno kuchoma limewatisha wengine. Bibi mmoja aliposikia kwamba diski ya harusi ya mwanawe itachomwa, aliificha siku tatu. Kuchoma ni kule kuandika kwa mwali wa leza juu ya rangi iliyomo ndani ya diski tupu; ile ya zamani haiguswi.)

Tukija kwenye kifaa chenyewe, jambo la kwanza kuangalia ni umeme. Draivu nyembamba za siku hizi hazina waya wa ukutani. Hula umeme wa laptopu kupitia tundu la USB. Tundu la USB 2.0 limewekewa kipimo cha miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Draivu inapoanza kuizungusha diski, na inapochoma, huweza kuhitaji zaidi ya hapo. Umeme ukipungua, draivu hugonga kama saa mbovu, diski huonekana na kutoweka, au uchomaji hukatika katikati na diski mpya ikawa haifai tena. Watu wengi huilaumu draivu na kununua nyingine, kumbe kilichokosekana ni umeme. Kwa hivyo tafuteni draivu yenye waya wa vichwa viwili vya USB, au yenye tundu la pembeni la kuongezea umeme. Ichomekwe kwenye laptopu moja kwa moja, si kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Na ikiwa laptopu yenu ina matundu ya USB-C tu, chukueni draivu iliyokuja na waya wa aina hiyo.

La pili ni kujua kilichomo ndani ya kasha. Ziko draivu zisizo na jina la mtengenezaji, zenye gamba jipya linalong'aa na ndani yake mna draivu iliyong'olewa kutoka laptopu kuukuu. Gamba laweza kudanganya, lakini kompyuta hulitambua jina la kilichomo: ichomekeni palepale dukani, mfungue orodha ya vifaa vya kompyuta, mlisome jina litakalotokea. Likitofautiana na lililoandikwa kwenye kasha, ulizeni kabla ya kulipa. Sisi twapendelea majina yaliyozoeleka katika kazi hii, kama LG, ASUS, Verbatim au Pioneer, pamoja na risiti na dhamana ya maandishi.

Nendeni dukani na diski mbili. Moja iwe ya zamani isiyo na siri, kama ya kisomo cha Qurani, muone kama draivu inaisoma bila kusita. Ya pili iwe tupu, ichomwe mbele yenu. Muuzaji anayekataa majaribio ya robo saa, mwacheni na bidhaa yake.

Msilipie msichokihitaji. CD huchukua megabaiti 700, DVD ya kawaida gigabaiti 4.7, na ya tabaka mbili gigabaiti 8.5. Blu-ray huanzia gigabaiti 25, lakini draivu zake ni ghali zaidi, na harusi zetu za miaka ile karibu zote ziko katika DVD. Draivu ya DVD yatosha. Iwe inayokubali DVD-R na DVD+R zote mbili, na iwe ya kufungua trei, kwa sababu ile ya kumeza diski kwa mdomo mwembamba haifai kwa vile vidiski vidogo vya kamera za zamani.

Katika kuchoma, msivutwe na kasi. DVD iliyojaa kwa mwendo wa 1x huchukua karibu saa nzima, na kwa 4x karibu robo saa. Hii ya 4x twaiona ya wastani na salama. Windows ikiuliza diski itumiwe namna gani, chagueni ile ya kuchezwa kwenye mashine za CD na DVD. Uchomaji ukiisha, programu iambiwe ihakikishe, yaani isome upya kilichoandikwa na kukilinganisha na asili. Watu hulikata jambo hili kwa haraka, nalo ndilo litakalowaambia kama wana nakala au wana plastiki. Na kwa kuwa Windows za leo hazichezi DVD zenyewe, wekeni VLC, ambayo ni ya bure.

Diski zenyewe hazipendi jua, joto wala unyevu, na sisi twaishi kando ya bahari. Zikae wima ndani ya visanduku vyake, kabatini, mbali na dirisha. Wengi huilinda CD upande unaong'aa na kuukwaruza ule wa juu wenye maandishi, kumbe tabaka lenye sauti liko chini tu ya maandishi hayo, na mkwaruzo wa juu huliondoa moja kwa moja. DVD ina nafuu, kwani tabaka lake limo katikati ya plastiki mbili. Ziko pia diski ziitwazo M-DISC, zinazotaka draivu yenye alama hiyo ili zichomwe. Watengenezaji wake wanadai zitadumu miaka 1,000. Hakuna miongoni mwetu atakayengoja kuwasuta, ila kwa sauti ya baba au mama aliyefariki twaona zastahili gharama yake. Hata hivyo nakala moja isiwe tegemeo: nyingine iwekwe kwenye hadi diski ya nje, na ya tatu, ikiwa haina la kusitiriwa, iende kwa ndugu wa nyumba nyingine.

Kazi yenyewe kwa diski za wanawake ifanywe na mwanamke wa nyumba, binti au mkaza mwana. Si kazi ngumu, na mume au kaka, hata akiwa hodari wa kompyuta, hana haki ya kuwaona wageni wale. Laptopu itumike bila intaneti wakati huo, na faili zilizohamishiwa humo zisiachwe mahali ambapo kila mtoto wa nyumba hufungua.

Diski iliyokufa, au ile ambayo nakala zake zimekwisha kuhakikishwa na hamtaki kuiweka, isitupwe jaani ikiwa nzima, kwani isiyosomeka kwenu huenda ikasomeka kwa draivu ya mwingine. Ifungeni kwa kitambaa kizito, kwa sababu plastiki yake hurusha vishale viwezavyo kuingia jichoni, kisha ikatwe kwa mkasi vipande vinne au zaidi, watoto wakiwa mbali.

Wabillahi Tawfiq.