Mgodi na Kisima Chako

Ndugu msomaji wa Kilosa na Mikumi, mgodi wowote ukiletwa karibu na kijiji chako, usiulizie kazi tu. Ulizia na maji.

Tazama makaa ya mawe. Mgodi wa Kiwira, kusini mwa nchi yetu, ulifunguliwa mwaka 1988. Makaa yalichimbwa chini ya ardhi. Mgodi wa namna hiyo ukifikia maji ya ardhini, maji huingia ndani. Hutolewa kwa pampu, na visima vya jirani huweza kukauka.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yataka madhara yachunguzwe kwanza, na wananchi wasikilizwe. Lakini utaonyeshaje kwamba kisima kimepungua? Funga jiwe kwenye kamba. Kila mwezi pima kutoka mdomo wa kisima hadi maji. Andika kipimo na tarehe. Sasa unajua kuandika. Daftari hilo ndilo shahidi wako.