Mashine ya Risasi: Binamu, Anza na ya Hatua Moja

Wadau, binamu yangu aliye Texas ameingia kwenye mchezo wa kulenga shabaha, na sasa anataka kujitengenezea risasi nyumbani. Hapa Kenya hilo sahau, sheria ya silaha haina mzaha. Kule ni burudani halali. Unaokota maganda uliyofyatua, unatoa fataki ya zamani, unarudisha ganda kwenye kipimo chake, unaweka fataki mpya na baruti, kisha unakandamiza kichwa cha risasi juu.

Ubishi uko kwenye mashine. Ya hatua moja, kama Rock Chucker ya RCBS, hufanya kazi moja kila ukivuta mkono wake. Unapitisha maganda yote hatua ya kwanza, ndipo uende ya pili. Ya mfululizo, kama XL 750 ya Dillon, ina sahani inayozunguka na kila ganda liko hatua yake. Sahani ikishajaa, kila mvuto unadondosha risasi nzima. Kwa saa moja, ya kwanza itakupa labda 50 hadi 100. Ya pili inaweza kupita 400.

Mimi nasema aanze na ya hatua moja. Na msinitupie ile methali ya haraka haraka, bana, kwa sababu mwendo haunisumbui. Kinachonisumbua ni macho.

Baruti ya risasi ya bastola mara nyingi haifiki hata nusu gramu. Ganda linaweza kumeza kipimo mara mbili bila kumwagika, na ukifyatua hiyo, bunduki inaweza kukupasukia mkononi. Ukisahau baruti kabisa, fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa cha risasi hadi kikwame ndani ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, manze, hapo ndipo watu huumia.

Kwenye hatua moja, maganda 50 yamesimama wazi kwenye kibao chenye matundu. Unawasha taa, unapitisha macho, na lililozidi au lililo tupu linajionyesha lenyewe. Kwenye mfululizo, mambo manne matano yanatokea kwa mvuto mmoja, na mgeni bado hajui aangalie wapi.

Kuna wanaosema ni pesa ya bure, mwishowe atanunua ya mfululizo tu. Wana hoja. Anayeshindana na kumaliza mamia ya risasi kila wikendi hana muda wa kuvuta mkono mara tatu nne kwa kila risasi. Lakini ile ya kwanza haiozi. Wengi hubaki nayo kwa risasi za bunduki ndefu, ambapo usahihi unashinda wingi.

Kwa hivyo, binamu, risasi 50 ulizokagua mwenyewe zinatosha Jumamosi ya kujifunza. Hizo 400 zitangoja jicho lako lizoee kazi. Vidole vyote kumi tunavihitaji Desemba ukija kula nyama.