UKUNGU NI WA MUNGU, DENI NI LA MWENYE NDEGE



Wako watakaotuuliza: nyinyi watu wa visiwani mmezungukwa na bahari, mnatafuta nini katika viwanja vya ndege vya Mbeya na Iringa? Tunawajibu bila ya kusita. Mchele wa Kyela na wa Usangu tunaula sisi. Viazi vya Mbeya na vitunguu vya Ilula vinapikwa majikoni mwetu. Na watoto wetu wameoa na kuolewa huko Nyanda za Juu Kusini. Zaidi ya hayo, tangu Mapatano ya Muungano ya mwaka 1964, usafiri wa anga umo katika orodha ya mambo ya Muungano. Sheria inayomlinda au kumtupa abiria wa Songwe na wa Nduli ndiyo hiyo hiyo inayomlinda au kumtupa abiria wa Unguja na wa Chake Chake. Akidhulumiwa yule leo, kesho ni zamu yetu.

Basi sikilizeni yaliyotufika. Tulikuwa Mbeya kwa shughuli za biashara, nasi tukafika uwanja wa Songwe alfajiri, tiketi mkononi, nauli tumekwisha lipa mpaka senti ya mwisho. Ukungu ulikuwa umetanda hata mti wa hatua ishirini hauonekani. Tukaambiwa ndege haiwezi kutua. Hatukunung'unika. Nani atakayeshindana na kudra ya Mwenyezi Mungu? Wala hatumtaki rubani atuue kwa ajili ya kuwahi. Saa nne ukungu ukaondoka, jua likawaka, milima ikaonekana mpaka vileleni. Ndege haikuja. Saa sita tukaambiwa tungoje. Saa nane tukaambiwa ndege ile imepelekwa safari nyingine. Saa kumi ikatoka kauli ya mwisho: safari imefutwa, na sababu yake ni hali ya hewa. Ukungu wenyewe ulikwisha kwenda zake tangu saa nne. Udhuru wake ndio uliobaki mpaka jioni.

Chakula hatukupewa. Malazi hatukupewa. Tulipoomba karatasi moja tu yenye kueleza sababu, kijana wa dirishani alitutazama kama kwamba tumemwomba roho yake. Hatumlaumu yeye, yeye ni mtumwa wa amri. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja wa Pemba aliyekwenda kumtazama mwanawe aliyejifungua, na fedha alizobaki nazo zilikuwa za boti tu. Tukachangishana, akalala, na asubuhi ya pili tukapanda basi, safari ya kilomita zaidi ya 800 mpaka Dar es Salaam. Basi liliposimama Iringa wakapanda watu watatu waliokuwa wamekwama uwanja wa Nduli siku ile ile. Tukawauliza waliambiwa nini. Wakatujibu neno kwa neno yale tuliyoambiwa sisi, nao pia hawakuwa na karatasi. Tukashuka Kitonga pamoja, kila mmoja amelipa nauli mara mbili kwa safari moja.

Jee, huu ni ukungu, au ni mtindo?

Tunasema wazi, ili asiwepo wa kutupakazia maneno. Hatudai kwamba mwenye ndege amlipe abiria kwa kila wingu linalopita. Lakini katika safari iliyofutwa mna hesabu tatu, na mabwana hawa wanazichanganya makusudi ili wasilipe hata moja. Ya kwanza ni nauli: umechukua fedha zangu, hukunifikisha, nirejeshee. Ya pili ni chakula na malazi: umeniacha kilomita mia nane kutoka pwani, nitunze mpaka utakaponiondoa. Ya tatu ni fidia ya hasara niliyoipata kwa kosa lako. Ukungu, ukiwa ni ukungu wa kweli, unaweza kumwondolea mwenye ndege ile hesabu ya tatu peke yake. Ya kwanza na ya pili zinabaki pale pale shingoni mwake.

Watasema haya ni ndoto zetu. Basi na watazame Ulaya, ambako wanapenda sana kutupigia mfano wanapopandisha nauli. Huko, kwa kanuni namba 261 ya mwaka 2004, safari isiyozidi kilomita 1,500 ikifutwa ghafla kwa kosa la mwenye ndege, abiria hulipwa Euro 250. Na safari ndefu kabisa ni Euro 600. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu kwamba ubovu wa kawaida wa mitambo si udhuru. Na mwaka 2010 volkano ya Iceland ilipotapika majivu yakaziba anga la nchi nyingi, kampuni moja ikakataa kuwalisha na kuwalaza abiria wake, ikisema haya ni ya Mungu, mahakama hiyo hiyo ikahukumu mwaka 2013 kwamba wajibu wa chakula na malazi hauondoki hata kwa volkano. Volkano nzima haikuweza kuufuta wajibu huo. Utafutwa na umande wa asubuhi wa Songwe?

Na hiyo "hali ya hewa" nayo tuichungue. Uwanja wa Songwe ulifunguliwa Desemba 2012, ukaendeshwa kwa miaka bila ya taa za kuongozea ndege usiku. Katika miaka hiyo, ndege ikichelewa kutoka Dar es Salaam, jua likitua, safari imekufa, na abiria anaambiwa maumbile yamekataa. Jua hutua kila siku tangu Adamu! Mwenye kuuza tiketi ya jioni kwenda uwanja usio na taa, anajua anachokiuza. Mungu ameumba usiku. Taa ni kazi ya wanadamu, na kukosekana kwake ni deni la wanadamu.

Wala msidhani maafa haya ni ya ukungu tu. Desemba 2018, kampuni ya Fastjet Tanzania, iliyokuwa ikiruka pia mpaka Mbeya, ilisimamisha safari zake. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilikuwa imekwisha ipa ilani kwa sababu ya madeni na ya uwezo wake wa kuendesha kazi. Watu walikuwa wamekwisha kata tiketi za sikukuu na za Januari, wakabaki kuambiwa waende wakaombe fedha zao. Na mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi ya ndege za Airbus A220 za Shirika letu la ATCL zililazwa chini kwa ubovu wa injini, ratiba zikavurugika. Tunaelewa kwamba injini hizo zilitengenezwa mbali, na kwamba hasara ya Shirika ni hasara ya umma. Lakini mnunuzi wa mashine mbovu humwendea aliyemuuzia. Abiria naye amwendee nani, kama si yule aliyepokea nauli yake?

Wako watakaosema: mkidai sana, makampuni yatakufa na nauli itapanda. Hoja hii tumeizoea. Ndiyo ile ile anayoambiwa kuli akidai ujira wake, na mkulima akidai bei ya karafuu zake. Kampuni inayoishi kwa kutorudisha fedha za watu haikuwa hai tangu mwanzo. Na hasara ya safari iliyofutwa haipotei hewani. Swali ni nani aibebe: mwenye kampuni, mwenye bima na mahasibu, au mama wa Pemba mwenye nauli ya boti?

Wenzetu wa Muskat na wa Dubai nao wana lao la kujua. Tanzania imo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Mkataba huo unamfunga mwenye ndege kwa hasara ya kuchelewa katika safari za kimataifa, mpaka athibitishe yeye kwamba alifanya kila lililowezekana kuizuia. Mtu akikata tiketi moja ya Muskat mpaka Mbeya, kipande cha Dar es Salaam na Mbeya nacho ni sehemu ya safari ya kimataifa. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka miwili, na malalamiko ya mzigo uliochelewa huandikwa ndani ya siku 21 tangu kuupokea. Lakini anayeruka Mbeya na Dar es Salaam tu hayumo katika mkataba huo. Yeye amewachiwa kanuni za ndani, ambazo sisi siku ile hatukuziona zimebandikwa popote, si ukutani, si dirishani, si nyuma ya tiketi. Haki iliyofichwa kabatini ni sawa na haki isiyokuwepo.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, abiria apewe sababu kwa maandishi, pale pale, yenye saa na sahihi. Pili, chakula na malazi vitolewe bila ya kuuliza kosa ni la nani. Tatu, nauli irejeshwe ndani ya siku saba. Nne, kiwango cha fidia kichapwe kwa Kiswahili chepesi juu ya kila tiketi, na mzigo wa kuthibitisha udhuru uwe juu ya mwenye ndege, si juu ya abiria.

Na nyinyi, ndugu wanachama, msingoje Wabunge wakuamkieni. Safari yako ikifutwa, tunza tiketi na kipande cha kupandia. Andika saa ya kila tangazo. Tunza risiti ya chakula, ya kitanda na ya basi. Omba sababu kwa maandishi. Ukinyimwa, andika kwamba umenyimwa, na mashahidi wawili watie sahihi. Kisha mwandikie mwenye ndege, na nakala uipeleke kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo liliundwa kwa sheria kuwasemea abiria. Barua moja wataitupa. Barua mia moja zitawatoa jasho.

Sisi barua yetu tumekwisha ipeleka, pamoja na ya yule mama, iliyotiwa dole gumba kwa kuwa kuandika hakufundishwa. Wahenga wamesema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Tiketi ni ahadi iliyokwisha pokelewa thamani yake.

HAKI HAIOMBWI, HUDAIWA.